Kabla Hujachimba kwa Jirani

Weka hilo jembe chini, mwanangu. Chini, nimesema! Bomba la uani halina nguvu, basi tayari umeshamtaja jirani? Ah, mnanichosha nyie. Keti. Nakumbuka siku moja hapa hapa Bunda, nikiwa na umri wako na akili pungufu kuliko hiyo yako, nilivyojikosesha mke kwa ajili ya bomba.

Nilikuwaga nimepanga kuoa. Binti aliitwa Wakuru, wa Butiama, na mshenga wangu alikuwa jirani yangu, Mzee Magesa, mtu wa maneno machache na heshima zake. Jumamosi ndiyo angekwenda kwao kunisemea. Ijumaa asubuhi nikafungua bomba la nje nichote maji ya kufyatulia matofali ya nyumba ya huyo mke. Yakatoka kama mkojo wa mbuzi.

Nikachungulia kwa Magesa, ng'ombe wake wanakunywa, karai limejaa. Kumbe! Huyu kaunga bomba lake kwenye langu. Sikuuliza. Hasira hasara, wazee walisema, lakini nani aliwasikiliza? Nikavuka mpaka na jembe, nikafumua matuta yake matatu ya viazi nikitafuta bomba la wizi. Nikakuta viazi. Viazi tu, mwanangu, vichanga kama vidole.

Mzee akatoka, akavitazama. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Bomba lako la ndani linatoaje?"

"Linatoa kwa nguvu, mzee."

"Na mita ya maji si hiyo hiyo moja? Sasa ningekuwa nakuibia, hayo ya ndani yangepona?"

Akaenda mwenyewe kwenye bomba langu la nje, akavuta mpira wa maji niliouchomeka mdomoni mwake, akatoa kipande cha kanga kilichoganda tope na ukijani wa ziwani. Nilikifunga mimi! Mvua zilipochafua maji nilifunga kitambaa kichuje, kama tufanyavyo sote, nikavalisha mpira juu yake, nikasahau. Maji yakanirukia mpaka kifuani.

"Nyani haoni kundule," akasema. "Kesho siendi Butiama. Nikamsemee mtu anayehukumu kabla ya kuuliza? Siku mboga ikikosa chumvi, binti wa watu atapona?"

Nilipiga magoti. Viazi nikapanda upya kwa mikono yangu. Alinisamehe, ila baada ya mavuno, na Wakuru alikuwa ameshaolewa Kibara. Mpaka leo nikisikia mtu katoka Kibara moyo unanikwaruza, na mama yenu asinisikie.

Kwa hiyo nasema, na sirudii. Jaribu bomba la ndani kwanza. Likitoa vizuri, ugonjwa uko hapo nje: toa mpira, toa kitambaa, safisha mdomo wa bomba, hakikisha koki yake imefunguka yote. Na ndani nako kukiwa dhaifu, kaangalie koki ya kwenye mita, maana mtu huifunga akitengeneza kitu, akaifungua nusu. Ukishamaliza vyako, ndipo uende kwa jirani mikono mitupu, upige hodi, umuulize kama na kwake yanasuasua. Kuuliza si ujinga, jamani!

Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo, mwanangu, na akupe jirani wa kukusemea vyema pale usipoweza kujisemea. Amina.