Mawe Ndani ya Mabati

Kosa lilianzia kwa mama yangu, na mpaka leo sijui kama niliite kosa, na mwenyewe hayupo tena nimuulize.

Wakati huo mimi ndiye nilikuwa katibu wa kigango chetu pale Gatwekera, ndani ya Kibera. Kigango ni kanisa dogo lililo chini ya parokia, na parokia yetu iko Kawangware, kwa hivyo padri alikuwa anatufikia Jumapili moja tu kwa mwezi. Jumapili nyingine katekista alituongoza kwa masomo na sala, tukaimba, tukatoa sadaka, tukarudi nyumbani bila komunyo. Hatukuwa na tabernakulo, lile sanduku la kuhifadhia Ekaristi, mkate wa komunyo uliobarikiwa na padri, ili katekista augawe padri asipokuwepo, na huwezi kuliweka tu kwa kupenda kwako. Lazima askofu aruhusu.

Kwaresima moja padri akatusomea waraka wa askofu. Nyaraka hizi huandikiwa makanisa yote. Zinasomwa mwisho wa misa, watu wanakohoa, watoto wanalilia nyumbani, zinaisha. Huo ulikuwa na swali katikati: "Wapendwa wangu, mmewatendea nini wagonjwa walio kati yenu?" Mama akanyoosha mkono. Kanisani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Padri," akasema, "Baba Askofu ametuuliza. Sasa nani atamjibu?"

Watu walicheka mpaka kwaya ikainamisha vichwa. Padri naye akacheka, akaeleza kwamba swali hilo ni la kutufanya tufikiri, halingoji jibu. Mama hakucheka. Alikuwa ametoka Magharibi mwa nchi akiwa msichana, akauza omena na mboga za kienyeji kando ya reli karibu maisha yake yote, na kwake yeye mtu akikuandikia barua, akakuita mpendwa, halafu wewe ukanyamaza, basi huna adabu. Jioni akaja kwangu na kalamu.

"We msichana, si wewe ndiye katibu? Andika."

Nikaandika. Haki ya Mungu, niliandika ili anipe amani. Jumuiya ikaketi, kila mtu akachangia lake. Tukamweleza askofu kwamba wagonjwa wetu tunawaosha, tunawapikia uji, tunawasimulia habari za mtaa, lakini wakituuliza komunyo iko wapi tunaangalia chini. Tukamwomba tabernakulo. Nikapeleka barua parokiani, na mwenyekiti wa baraza la parokia akaisoma akiwa amesimama mlangoni. Huyo ni mzee wa Kawangware tangu zamani, mwenye ploti za vyumba vya kukodisha pale kituo cha Hamsini na Sita, na mdomo wake hauna breki.

"Hata mimi sijawahi kumjibu askofu," akasema, "na mimi ninamlisha akija."

Lakini barua aliipeleka, na jibu likaja. Askofu alitushukuru, akasema hajawahi kupata majibu ya waraka wake kutoka popote. Halafu akasema, kwa upole sana, kwamba Ekaristi haiwezi kulala ndani ya jengo ambalo mtu anaweza kulifungua kwa mkasi wa bati. Tujenge ukuta wa mawe, naye atatupa ruhusa mara moja.

Mawe! Hapo ndipo hasira yangu ilianzia, na ilikaa miaka. Mtu yeyote wa Kibera atakwambia ile ardhi ni ya serikali, sisi hatuna hati. Jenga kwa udongo na mabati, hakuna atakayekuuliza. Ukionekana na mawe, wakubwa wa eneo wamefika kabla simiti haijakauka, na ukuta uko chini. Kwa hivyo askofu alitaka mawe ndipo atupe tabernakulo, na serikali ilitaka mabati ndipo ituache tusali. Nikamwambia mama, umeona sasa? Umeona kazi ya kujibu watu wakubwa?

"Ametujibu," mama akasema. Alikuwa amefurahi kabisa. "Mwandikie, tumepata."

Basi ikawa desturi. Waraka ukisomwa, kigango chetu kinajibu. Ulipokuja wa ndoa tukajibu, tena kwa urefu, maana kina mama walikuwa na mengi. Wa amani wakati wa uchaguzi tukajibu. Wa kutunza mazingira tukamweleza mtaro wetu jinsi ulivyo, na katekista akanizuia nisieleze harufu. Askofu huyo akaondoka, akaja mwingine, akaja wa tatu, na wote walirithi barua zetu pamoja na kiti. Kila barua yetu ilimalizia kwa ombi lile lile la tabernakulo. Kila jibu lao lilimalizia kwa ukuta ule ule. Waliandika kwa heshima, siwezi kusema uongo. Mmoja aliwahi kuuliza kama mtaro umezibuliwa.

Halafu mama akapata kiharusi.

Kilimshika upande wa kulia, mkono na mguu, na kwa muda mdomo pia. Maneno yalirudi polepole. Koo ndilo halikurudi vizuri. Chai ilimpalia, ugali ukawa hadithi, tukabaki na uji na viazi vilivyopondwa. Daktari alinivuta kando akaniambia nijiandae, kwamba kumeza kutaendelea kuwa kugumu mpaka siku moja kukatae. Sikumwambia mama, lakini nani alikuwa anamdanganya mwenzake? Koo lilikuwa lake.

Kilichomtesa hakikuwa chakula. Padri alikuwa akija ile Jumapili yake moja, akimletea komunyo kitandani, na mvua ikinyesha njia ya kwetu inakuwa tope la kukuvua viatu, basi mwezi huo umepita. Mama alikuwa akihesabu kwa midomo, nikadhani anasali rozari. Kumbe anahesabu Jumapili.

"Mimi siogopi kufa," aliniambia. "Naogopa koo lifunge kabla padri hajafika."

Nilitoka nje nikalia kando ya choo cha ploti, mahali ambapo mtu hakuulizi. Kisha nikarudi nikaandika barua. Wueh! Niliandika mambo. Nilimuuliza Baba Askofu kama Yesu alizaliwa kwenye nyumba ya mawe. Nilimuuliza kama kwake kuna mtu anahesabu Jumapili. Mama akaniomba nimsomee, nikamsomea kwa sauti ya juu, na nilikuwa najisikia vizuri sana. Akafumba macho.

"Hiyo usipeleke. Mtu anayekujibu humtukani."

"Anajibu nini, mama? Miaka yote hii anajibu nini?"

"Anajibu," akasema, na akageukia ukuta.

Ukuta huo ndio ulituokoa. Wiki hiyo mwenyekiti alikuja kumwona mgonjwa, na mkate na maziwa mkononi kama inavyotakiwa. Chumba cha mama ni kidogo, akakosa mahali pa kukaa, akaegemea ukuta. Kwetu ukiegemea ukuta, bati linalia na kurudi nyuma kidogo, umezoea. Huu haukurudi. Mzee akageuka. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akagonga tena chini zaidi, na uso wake ukabadilika.

"Mama, hii nyumba yako ni mabati ama ni mawe?"

"Nje ni mabati," mama akasema.

Mimi nilikuwa nimeishi na jambo hilo siku zote na sikuwahi kuliona. Mwenye nyumba wetu alikuwa amefanya kama wengi wanavyofanya: bati linabaki nje lilivyo, na kutu yake, na ndani yake unapandisha ukuta wa mawe pole pole, ukipaka rangi umemaliza. Anayepita njiani haoni kitu. Mwenyekiti, mtu wa ploti tangu ujana, alianza kucheka peke yake.

"Na sisi tumekaa tukimwandikia askofu," akasema. "Sisi wote ni wajinga, hata yeye."

Alikuwa na mawe yaliyobaki kwenye ploti yake moja. Yalikuja Gatwekera kwa mkokoteni, yamefunikwa magunia ya makaa. Ukuta haukuhitaji kuzunguka kanisa lote, ulihitajika nyuma ya altare na pande mbili, chumba kidogo cha kuweka sanduku na mlango wa chuma. Shida ilikuwa nyundo. Fundi akichonga jiwe, mtaa mzima unasikia. Ndipo katekista akaita kwaya.

Kwaya yetu haijawahi kufanya mazoezi namna ile. Kila alasiri, ngoma mbili, kayamba, na soprano zikipasua hewa, na nyuma ya pazia fundi anapiga jiwe kwa mdundo wa ngoma ili asitoke nje ya wimbo. Wimbo ukiisha, nyundo inanyamaza. Kijana mmoja wa jirani alituuliza, "Mathe, mnaenda mashindano?" Nikamwambia ndiyo, tuombee. Nilikuwa na furaha na hofu kwa pamoja, maana mama alikuwa sasa anachukua muda mrefu kumaliza kikombe kimoja cha uji.

Ukuta ulipokwisha, nikakwama. Nitamwandikiaje askofu kwamba tumejenga kwa mawe, wakati barua inapita mikono mingi na hatutakiwi kuwa na mawe? Nikikaa kimya, hatajua. Nikisema, tumejiandikia mashtaka. Nikaenda kwa mama na karatasi tupu. Akafikiri, halafu akasema maneno machache, na kupumzika kati ya moja na jingine. Niliyaandika kama yalivyotoka: "Baba Askofu, kanisa letu bado ni la mabati. Tunakuomba ukija kutoa kipaimara, uligonge."

Mwenyekiti alipoisoma alisema askofu atadhani tumerukwa na akili.

Askofu alikuja, siku ya kuwapaka watoto mafuta ya kipaimara. Watoto wa kipaimara walikuwa wamevaa nyeupe, tope limewapamba mpaka magoti. Misa ikaisha, matangazo yakaisha, na askofu hakuelekea mlangoni. Alizunguka nyuma ya altare, taratibu, na kofia yake ndefu kichwani, akasimama mbele ya ukuta. Walio nyuma wakapanda juu ya mabenchi waone. Akagonga. Akahamia upande wa pili, akagonga tena, akaweka kiganja chote kwenye ukuta akakiacha pale kidogo.

Akatugeukia. "Mabati ya huku," akasema, "ni mazito."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, naapa, vilisikika eneo zima la Sarang'ombe. Mwenyekiti alikuwa anajifuta macho kwa tai.

Barua ya ruhusa ilifuata. Katekista aliisoma mbele ya watu, na baadaye padri akaja na sanduku, akaweka Ekaristi ndani, akafunga, akamkabidhi katekista ufunguo. Jumapili iliyofuata hakukuwa na padri, na mvua ilikuwa inanyesha vibaya. Baada ya masomo katekista akafungua ule mlango wa chuma, watu wakapanga mstari, wengine wakilia waziwazi. Mimi sikupanga mstari. Nilikimbia nyumbani kumwosha mama uso.

Siku hizo hata uji ulikuwa unarudi. Nilijua, katekista alijua. Aliingia na kile kikopo kidogo cha komunyo kifuani, viatu mkononi, akapiga goti kwenye sakafu yenye maji. Hakumpa hostia nzima. Alimega chembe, ndogo kuliko punje ya mtama, akaiweka kwenye kijiko chenye maji kidogo, akamnyanyua mama kichwa.

Mimi sikusali, nasema ukweli. Nilikuwa naangalia koo. Nilikuwa nimekasirikia watu wengi kwa miaka mingi, na wakati huo hasira yote ilikuwa imekwisha, imebaki hofu tu. Mama akafumba mdomo. Koo likapanda, likasimama, nikashika kitanda. Likashuka.

Alifumba macho, nikadhani amesinzia, katekista akaanza kuvaa viatu. Ndipo akanitafuta kwa macho.

"Umemjibu?"

"Nani, mama?"

"Baba Askofu. Ametuandikia."

"Bado."

"Jibu," akasema.

Nikachukua karatasi nikaandikia pale pale kwenye ukingo wa kitanda, katekista akinishikia karatasi. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwandikia askofu barua fupi hivyo. Nilimwandikia: Tumsifu Yesu Kristo, Baba Askofu. Barua yako tumeipata. Mama amemeza.