Saa Niliyoiweka kwa Mkono

Cheka ukitaka. Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja hata bia moja.

Nilikuwa natunza saa za kompyuta kwenye mgodi mmoja nje ya Lubumbashi. Kutoka kwenye antena ya paani zilishuka nyaya mbili. Moja ilileta saa na dakika, nyingine ilipiga pigo moja kila sekunde, basi. Panya akakata ile ya kwanza. Kwa uvivu nikatazama saa yangu ya mkononi, nikaandika saa na dakika mwenyewe, nikaacha mapigo yaendelee. Kompyuta ikaenda vizuri mno, kila sekunde mahali pake, kumbe iko mbele dakika tatu nzima. Nani angeshuku?

Wiki ile baruti ilimuua Kasongo, fundi wa mabomba. Kompyuta ya geti, iliyochukua saa kwangu, iliandika kwamba alipita baada ya king'ora cha kuonya mlipuko. King'ora kina saa yake, nayo ilikuwa sahihi. Wakubwa wakasema kifo amejitakia kwa ukaidi, na mjane atoke kwenye nyumba ya kazi. Kwetu, mtu wa kazini husimama kwenye matanga aeleze kifo kilivyokuja. Nilisimama mimi, nikasoma zile saa. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeshagundua kosa langu. Niliogopa kufukuzwa, huo ndio ukweli.

Siku ya pili, mchana, mtu akasimama mbele ya meza yangu na mlango haukufunguka. Niamini. Ni yule wa kwenye picha ya matanga. Taa ndogo ya kompyuta, ile inayomweka kila pigo, ikazimika.

"Ile saa ulisoma ku matanga, iko ya kweli?"

"Hapana, yaya," nikamjibu, kama mtu anavyomwita kaka mkubwa.

"Bibi yangu banamutosha mu nyumba," akasema, maana mkewe alikuwa anatolewa. "Utasema lini?"

"Kesho."

"Kesho mi sina nayo," akasema, na hakuwepo tena. Taa ikawaka. Nilikagua kompyuta: hakuna pigo hata moja lililokosekana.

Kesho yangu ilichukua siku nne. Nilipokiri, nilifukuzwa, na nyumba ilikuwa tayari na watu wengine. Mjane nilimkuta mtaa wa Katuba kwa dada yake, amekalia mizigo. Alisikiliza yote.

"Ile siku ulisimama mbele yetu, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama."

Akaingia ndani.

Kasongo bado anakuja, kila mchana, anakaa ng'ambo ya meza yangu ya chakula. Haulizi neno. Wewe unayetunza saa za wenzako, ukikosea, sema siku hiyohiyo. Mimi nilisema nimechelewa, na hakuna aliyeuhitaji ukweli wangu tena.