Gemu za Visanduku vya Sabuni

Mume wangu aliniacha talaka moja kwa sababu nilijibu swali. Mteja alikuja kutoka Wete kuagiza kabati la gemu, lile la mbao lenye televisheni ndani na vifungo mbele, akauliza kwa nini la kwanza alilonunua linazimika likipata joto. Mume wangu akaanza kuzungusha maneno. Nilikuwa nyuma ya pazia na kazi mkononi, nikasema, "Mwambie atoboe matundu nyuma, hewa ipite." Mteja akacheka. "Kumbe fundi yuko ndani," akasema. Alasiri ile ile nikawa nimeachwa.

Makabati yote ya pale Mtambile yalitoka mikononi mwangu. Kazi nilifunzwa na marehemu baba yangu, fundi wa redio. Mume wangu alikata mbao, akapaka rangi, akaandika jina lake ubavuni kwa herufi kubwa. Hayo niliyavumilia. Tulichogombania kila siku ni gemu za mkononi. Nilimwambia tutengeneze ndogo, za kushika, maana nusu ya watu wa kisiwa hiki hawawezi kukanyaga banda lake la kuchezea gemu. Mwanamke gani atakwenda kusimama katikati ya wanaume abonyeze vifungo? Akanijibu kwamba fundi wa makabati hajishushi kwenye vitu vya mfukoni, na kwamba mchezo bila watazamaji si mchezo. Hilo la pili lilikuwa na kweli kidogo, ndiyo maana liliniudhi zaidi.

Nikarudi Vitongoji kwa mama kukaa eda. Talaka moja inarejeka. Mume akisema amemrejea mkewe kabla eda haijaisha, ndoa ipo, mke apende asipende. Eda ikiisha kabla hajasema, ndiyo basi, mpaka mke mwenyewe akubali kuolewa upya.

Na mimi nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Vifungo vya makabati yale lazima vifunguliwe na kupanguswa kila baada ya muda. Wachumaji karafuu hutoka shambani wakaingia moja kwa moja bandani, na mafuta ya karafuu yaliyo vidoleni mwao huteremka ndani, yakachanganyika na vumbi yakawa gundi. Nilikuwa nikivisafisha kila Ijumaa yeye akiwa msikitini. Hakuwahi kuuliza. Aliamini makabati hayaharibiki kwa kuwa jina lake liko ubavuni.

Basi vifungo vikigoma mapema, angenikumbuka, angenirejea, nami ningerudi nyuma ya pazia. Vikichelewa, ningekuwa huru. Tulikuwa katikati ya msimu, na mikarafuu ilizaa mno mwaka ule. Watu huwaombea dua wagonjwa. Mimi niliviombea vifungo.

Sikukaa bure. Nilitaka aumie, tena aumie pale pale anapojivunia, na wala sioni haya kulisema. Nilichukua visanduku vya sabuni vya plastiki, vile vya kusafiria, nikatia ndani bodi ndogo ya michezo, kioo na betri ya simu kuukuu. Ya kwanza, yenye mchezo wa matofali yanayoshuka, nilimpa mama. Mama yangu ni mtu wa tasbihi na jiko. Siku ya tatu akaunguza wali.

Jirani aliyekuja kutusaidia kuchambua karafuu uani akaomba ajaribu, akaondoka nayo ndani ya kanga mpaka kesho yake. Baada ya hapo wakawa wanakuja wenyewe. Mmoja anacheza, wengine wanachambua karafuu huku wakimzomea akikosea. Kumbe watazamaji walikuwapo siku zote, ila hawakuwa na pa kukaa.

Mume wangu alikuja na ami yake awe shahidi, siku tatu kabla ya miezi mitatu kutimia. Alikuwa amehesabu kwa kalenda ya ukutani. Mama aliwakaribisha barazani, nami nikakaa ndani nyuma ya mlango.

"Mama, nimekuja kumrejea mke wangu," alisema. "Miezi mitatu bado. Na makabati yanamngoja, vifungo vyote vimekufa."

Hata ami yake alikohoa.

"Ami, shikamoo," nilisema. "Mwambie eda yangu mie haiendi kwa kalenda, yenda kwa twahara tatu za baina ya hedhi. Kaniacha ni twahara, na twahara ile yahesabiwa. Ya tatu nshaimaliza wiki iliyopita. Mama ajua."

"Najua," mama akasema.

Ami alikuwa mtu aliyesoma dini chuoni. "Hilo ajuae ni mwenyewe," akamwambia mwana wa nduguye. "Neno lake ndilo neno. Weye umechelewa."

Nilisema kweli, na Mungu shahidi wangu. Ingekuwa uongo nisingeufurahia kiasi kile.

Mume wangu, ambaye hakuwa tena mume wangu, akasogea mlangoni. Sauti ilikuwa imemshuka. "Basi nambie dawa ya vifungo tu. Neno moja."

Nilimsikia akipumua upande wa pili wa mbao. Mkono wangu ulikuwa juu ya chupa ya spiriti, maana nilikuwa kazini walipobisha hodi; nikaifungua, nikaendelea na kazi.

Barazani ami alikuwa ameokota gemu ya mama, akaibonyeza, matofali yakaanza kushuka. Akakaa vizuri. Mwana wa nduguye alikuwa amekwisha kuvaa viatu na kusimama juani, akangoja. Alingoja sana. Ami alipoinuka, alimwomba mama nimtengenezee mkewe moja kama ile.

Mla mbuzi hulipa ng'ombe. Mwaka jana nilipita Mtambile nikaliona kabati la mwisho nyuma ya nyumba yake, limetiwa kuku, jina lake lingali ubavuni. Dawa ilikuwa pamba na spiriti. Nimeiandika hapa makusudi, aisome sasa ambapo haimfai kitu.