Kisima Nilichokiandika Kikavu

Kazi ile niliipata kwa sababu nilizijua njia. Mtafiti mmoja, mama wa makamo kutoka chuo kikuu, alifika kwetu karibu na kilima cha Salaita akitafuta mtu wa kumwonyesha visima. Mimi niliacha shule darasa la saba wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu wawili, na hakuna kisima cha huko ambacho sijachota maji. Akanifundisha kuteremsha utepe wa kupimia kisimani mpaka ulie ukigusa maji, kisha kubonyeza kifaa cha GPS ili kishike mahali hapo.

Siku moja tukipumzika alinifungulia kompyuta. Alikuwa amepanga ramani juu ya ramani: udongo, miamba, mteremko, mvua. Zote zikiungana na vipimo vya visima zinatoa rangi. Palipo buluu ndipo mvua inapozama na kuyajaza maji ya chini. Akaweka kidole kwenye shamba letu.

"Hapa kwenu ni pazuri sana, dada. Ukishapima kisima chenu, nitapendekeza pahifadhiwe."

Kuhifadhi. Kwetu neno hilo tunalijua. Babu alizaliwa mahali palipokuja kuhifadhiwa, watu wakaondolewa, na leo pana ndovu na uzio wa umeme. Sisi nasi hati ya shamba hatuna. Tuna makaburi mawili tu na minyaa ya mpaka.

Sikumuuliza lolote, nikiogopa kwamba nikiuliza atajua hatuna hati. Kesho yake nilifika kisimani kwetu peke yangu, nikabonyeza kifaa, lakini utepe sikuuteremsha. Kwenye daftari niliandika: kikavu.

Mdogo wangu wa mwisho alipouliza kama tutapanda kunde msimu ujao, nilimkaripia bila sababu.

Kisha chifu akaita baraza, ramani ikabandikwa ukutani. Shamba letu lilikuwa limegeuka manjano. Nilishusha pumzi, lakini mzee wa kamati ya soko akainuka na fimbo yake.

"Hapa penye manjano maji hayaingii. Shimo la taka za soko tulichimbe hapa hapa."

Watu wakaitikia. Jirani yangu akaniinamia sikioni. "Kumbe kwenu ni kukavu? Basi yale maji niliyochota kwako juzi ni ya wapi, ya kanisani?"

Nikaona akilini taka zile zikiloa mvua, maji yake yakishuka, na wadogo zangu wakiyanywa. Nikasimama.

"Kisima chetu kina maji. Sikukipima. Niliandika uongo."

"Ndiyo hayo ya kumpa kalamu mtu wa darasa la saba," mtu akasema nyuma, wengine wakacheka.

Mtafiti hakucheka. "Kwa nini, dada?"

"Ulisema mtapahifadhi. Sisi tutaenda wapi?"

"Nilimaanisha msitupe taka, msikate miti, msichimbe vyoo karibu. Watu wanabaki."

"Hilo limeandikwa wapi kwenye ramani?"

Aliigeukia, akaitazama kama aliyeletewa na mtu mwingine. "Halijaandikwa," akasema.

Mchana ule tulienda kupima pamoja. Utepe ulilia mapema sana. Jumatatu ramani mpya ilikuja na buluu yake, na chini kwa kalamu aliandika mbele ya chifu: hapa wanaishi watu, na wabaki. Shimo la taka likapelekwa upande wa mwamba, maji yasikozama.

Ramani ile ilipelekwa Voi, na kutoka Voi sijui wapi. Kwenye kompyuta ya mtafiti nilijionea mwenyewe kwamba buluu imo. Maneno ya kalamu hayamo. Gari geni likipunguza mwendo karibu na kwetu, mimi huacha jembe nikaenda kusimama mlangoni mpaka lipite.