Mwenyewe wa Mlango

Mwenye nyumba alipouondoa mlango wa chumba cha Mama Pasi, alisema anaupeleka kwa fundi. Alisema hayo kwa macho makavu, mlango wenyewe ukiwa umeshalazwa kwenye mkokoteni. "Ukarabati," alisema. Kila ubaya aliotaka kuufanya bwana yule aliupa jina hilo: alikata maji kwa ukarabati, akazima taa ya uani kwa ukarabati, hata choo cha wapangaji alikitia kufuli kwa ukarabati. Wapangaji walimbandika jina la Bwana Ukarabati, naye ama hakujua, ama alijitia hamnazo.

Safari hii hakuna aliyedanganyika. Chumba cha Mama Pasi kilitazama barabara, na Bwana Ukarabati alikitaka amfungulie duka mpwa wake. Kumfukuza mpangaji asingeweza, maana hakuwa na kosa la kumtupia: kodi yake haikuchelewa, kelele hana, na uani alikuwa akifagia hata zamu isiyo yake. Basi akaona kazi hiyo aiachie baridi. Ulikuwa msimu wa kipupwe, mvua za masika bado hazijakatika, na upepo ulikuwa ukiingia chumbani mpaka uvunguni mwa kitanda.

Mama Pasi alianza kupiga pasi tangu usichana, nyumbani kwa shangazi yake, kwa pasi ya mkaa, akipuliza majivu mpaka macho yanamwiva. Aliolewa akaingia chumba hicho, akalea humo mabinti wawili, akamzika mume, akawaoza mabinti, na muda wote huo pasi haikupoa. Mabinti zake walikuwa wakisema mama yao na pasi yake ni ndugu: wazito wote wawili, na wote wanaunguza.

Mlango ulipotoka alitundika shuka. Shuka halizuii mvua, wala halimzuii mtu. Bwana Ukarabati, ambaye zamani alibisha hodi kama binadamu wengine, sasa alilisukuma kwa kiwiko akajitoma ndani, mara apime ukuta kwa hatua, mara atazame dari, na Mama Pasi yumo humo anavaa. Hilo lilimuuma kuliko baridi.

"Mlango wangu unarudi lini?" alimuuliza siku moja.

"Upo kwa fundi seremala, kule basi linakogeuzia, nyuma ya ghala la mbao. Una haraka nao? Ufuate!" Akacheka, akatoka zake. Alijua mwanamke wa umri ule hawezi kuukata mji mzima kwenye mvua ile.

Huenda asingeukata kweli, kama si mkuu wa walinzi. Bwana huyu ndiye aliyekuwa akimletea sare za kampuni nzima ya ulinzi, na sare hizo ndizo zilizokiweka chungu jikoni. Alikuja akalitazama shuka, akasema kwa haya, "Mama, kazi yako sina shaka nayo. Lakini sare za walinzi siwezi kuzilaza kwenye chumba kisicho na mlango. Mwizi akizivaa akaingia kwa watu, nitasema nini? Hizi ulizo nazo niletee, halafu tusubiri mambo yako yatengemae."

Hakuwa na ubaya, na hapo ndipo palipochoma. Bila sare zile Mama Pasi angekwenda kulala sebuleni kwa mkwewe, na Bwana Ukarabati angekipata chumba bila kutoa hata neno la kumfukuza mtu. Usiku kucha alijigeuza kitandani. Kulipokucha alikuwa ameshakata shauri.

Jirani yake wa chumba cha pili, bibi mwenye kikohozi na ulimi, alileta kigoda akakaa mbele ya shuka kulinda.

"Unakwenda wapi na hali hii? Utaugua wewe!"

"Kama ni kuugua, nitaugua mlango ukiwa umefungwa."

Alizivika sare mifuko ya plastiki, akatia pasi kikapuni maana waya wake ulikuwa umeanza kutoa cheche, akapanda basi. Halikuwa na watu wengi. Wenye akili zao walikuwa bado vitandani. Paa lilimdondokea. Akahama kiti, nako likamdondokea. "Hata wewe unanifukuza?" aliliambia basi, akabaki hapo hapo.

Mkuu wa walinzi alizipokea sare kavu mpaka vifungo.

"Kesho ulete nyingine," Mama Pasi alimwambia. "Utaukuta mlango."

"Umeshatengenezwa?"

"Bado. Ndiyo naufuata."

Mkuu wa walinzi aliitazama mvua, akamtazama na yeye, akaanza kuzihesabu sare.

Kwa fundi umeme alingoja katikati ya redio mbovu mpaka pasi ikapata waya mpya. Kisha akapanda basi la pili, safari ndefu, dirisha lisilofunga likimlowesha bega moja. Njiani alijaribu maneno ya kusema, na kila alilojaribu lilimwishia mdomoni. Aliogopa, tusifiche. Fundi akikataa, atarudi na kikapu na nini tena?

Karakana ilikuwa bati tupu juu na vumbi la mbao chini. Mlango wake aliuona kabla hajasalimiwa. Ulikuwa umeegemezwa ukutani, na koti la mvua la fundi limetundikwa kwenye msumari ambao yeye mwenyewe aliupigilia kwa ajili ya mashati ya wateja.

"Shikamoo mama. Nikusaidie nini?" Fundi alikuwa mrefu, nyusi zimejaa unga wa mbao.

"Marahaba baba. Nimeufuata mlango wangu. Huo uliouvisha koti."

"Huo?" Fundi akaguna. "Aliyeuleta alisema nisimpe mtu mpaka aje mwenyewe."

"Umeutengeneza nini?"

"Sijaugusa! Nilimuuliza unaumwa wapi, akasema we uweke tu. Umenilia nafasi mpaka basi. Lakini nimeshampa neno, mama. Mpaka aje mwenyewe."

"Mwenyewe wa nini?"

"Si wa mlango?"

"Basi ndiye mimi."

Fundi akatabasamu kwa huruma, akatikisa kichwa. Hilo mtu yeyote angeweza kulisema. Mabasi mawili, mvua yote ile, kwa ajili ya kutikisiwa kichwa! Hasira ikampanda Mama Pasi, ile yake ya siku zote. Alilivuta koti la fundi akalitupa juu ya mbao.

"Njoo hapa uone."

Karibu na komeo mlango ulikuwa na alama ya kuungua, nyeusi, imechongoka mbele. Siku ulipoungua, binti yake mdogo alikuwa ameshikwa na degedege. Mama alimnyakua mtoto kwa mkono mmoja akakimbilia nje, na mkono wa pili ukausukuma mlango na pasi hii hii ya moto ikiwa bado imeshikwa. Mtoto alipona, leo naye ana wake. Alama ilibaki.

Mama Pasi akaitoa pasi kikapuni, akaibandika juu ya alama. Ncha ikakaa kwenye ncha, kisigino kwenye kisigino.

Fundi aliinama, akachungulia huku na huku. Kisha akaangua kicheko mpaka unga ukamwanguka nyusi.

"Nyumba ya nani, hilo silijui. Lakini mlango huu, mwenyewe kaja!"

Pini za bawaba zilikuwa mfukoni kwa Bwana Ukarabati, kwa hiyo fundi akampa misumari mikubwa ya kushika mahali pake, akambebea mlango mpaka kituoni. Hapo ikaanza vita nyingine.

"Hatupakii milango," alisema kondakta.

"Mnapakia nini?"

"Watu!"

"Na mimi nani?"

"Wewe mtu, mama. Huo mlango."

"Basi mimi naingia, na nimeushika. Nitenganishe nao kama unaweza." Akaweka mguu kwenye ngazi, akatulia tuli, mvua inamchuruzika kidevuni.

"Mwache mama wa watu apande, tunaloa!" abiria mmoja akapiga kelele, na wanaume wawili wakainuka wakaupokea upande wa mbele. Mlango ukalala katikati ya viti. Dereva akatazama kwenye kioo.

"Haya jamani, leo tuna mlango wa ziada. Asije mtu akashukia huo!"

Basi zima likacheka, na Mama Pasi, kwa mara ya kwanza tangu shuka litundikwe, akacheka nalo.

Nyumbani, jirani na kikohozi chake alishika chini, yeye akashika juu. Bawaba zilikuwa ngumu, kiganja kikachubuka, na mbao ilikuwa imevimba kwa mvua ikataka kusukumwa kwa nyonga. Lakini ulifunga. Mama Pasi akatia komeo, akasimama akisikiliza upepo ukihangaika nje. Kisha akachomeka pasi, akatandika shati la jirani yake kuujaribu waya mpya.

Jioni Bwana Ukarabati akaja kupima dari. Kiwiko kilichozoea shuka kilikutana na mbao, na mguno wake ulisikika uani kote. Kisha akagonga kwa ngumi.

"Fungua!"

Mama Pasi akanyunyiza maji kwenye shati.

Ngumi ikashuka ikawa vidole. "Hodi!"

"Nani?"

"Si mimi? Mwenyewe!"

"Mwenyewe yumo ndani," alisema Mama Pasi. "Wewe nani?"

Chumba cha pili kikakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Mvua ilikuwa ikimwaga, na ukingo wa paa mahali pale haukumfunika mtu vizuri. Wapangaji walikuwa wameomba siku nyingi ukarabatiwe.

"Ni mimi, mama," sauti ikasema, chini kidogo. "Mwenye nyumba. Naomba hodi."

"Subiri hapo hapo. Nanyoosha kola."

Akaigeuza kola upande wa pili, akaanza upya.