Fundi Aliyetangulia

Massoudi wa Buyenzi alikuwa fundi wa magari kwa miaka thelathini na moja, na katika muda huo wote hakuwahi kuharibu kitu. Kama huamini, muulize mwenyewe. Gari likizima njiani siku mbili baada ya kutoka mikononi mwake, kosa lilikuwa la fundi aliyetangulia. Breki zikilia, fundi aliyetangulia. Bwana huyo hakuwa na jina wala gereji, na hakuna aliyewahi kumwona, lakini kwa maelezo ya Massoudi alikuwa amepitia kila gari la Bujumbura na kuliacha nusu maiti.

Basi siku moja akaja Libère, mtumishi wa serikali wa Mutanga Sud, na gari lake jekundu la milango miwili. Lilikuwa limetumika Japani miaka kumi na minne, likashushwa Dar es Salaam, na ubavuni lilikuwa na mistari ya kuwaonya watu kwamba linakimbia. Kukimbilia wapi, kwa mashimo haya na kwa mafuta haya ya kubahatisha, Libère hakuwa amejiuliza. Mtu akipenda haulizwi akili.

"Fundi," alisema Libère, "ikisimama iko sawa. Ukienda polepole iko sawa. Lakini ukikanyaga accélérateur, inaenda, inashtuka, inakata, halafu inaenda tena. Jana ku mupando wa Kiriri kamiyo ya kubeba matofali imenipita. Ya matofali, fundi! Na fiancée wangu, mwenye nitaoa, iko mu gari."

Massoudi akainama, akatega sikio kwenye injini iliyokuwa ikinguruma kwa adabu.

"Nani aligusa hii gari mbele yangu?"

"Ni we tu. Toka imefika hakuna mutu mwingine."

"Apana. Mbele ya mi."

"Labda Wajapani."

"Basi ni wao," akasema Massoudi, na roho yake ikatulia.

Akabadilisha plagi. Gari likashtuka. Akabadilisha koili, akiwalaani Wajapani mmoja mmoja. Gari likashtuka. Akachomoa chujio la mafuta, akalipuliza kwa mdomo, akalirudisha, akaapa kwamba sasa gari limepona. Libère alifika nalo hadi Nyakabiga, na pale likamkatikia katikati ya barabara, mbele ya wauza nyanya, ambao hawakumwonea huruma hata kidogo. Aliporudi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba Jumamosi ndiyo mwisho. Gari lisipopona atalipeleka mjini kwenye gereji yenye kompyuta, na ofisini kwao, ambako wenye magari kumi na mmoja wanamtegemea Massoudi, ataeleza sababu.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kupumzikia. Mkewe Soumaya alikuwa amepotelewa na mtandio. Si mtandio wa kila siku: ni ule mwepesi wa kijani wenye maua ya manjano pembeni, ambao marehemu mama yake alimletea kutoka Kigoma. Siku ulipopotea, Houda, dada yake Massoudi, alikuwa amekuja asubuhi, akausifu kwenye kamba ya nguo. Soumaya hakuhitaji ushahidi mwingine. Alimwita wifi yake mwizi mbele ya majirani, na sasa ulikuwa mwezi wa pili hawasalimiani. Idd ilipita bila sahani kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Massoudi, mwamuzi wa makosa ya mafundi wote, aliulizwa na Houda anasemaje. Alisema mambo ya wanawake hayamhusu.

Jumamosi ikafika. Kwa kuwa sasa aliogopa kweli, Massoudi alifanya jambo alilopaswa kulifanya siku ya kwanza: aliacha kusema akaanza kupima. Akafunga geji ya kupima msukumo kwenye bomba la mafuta, akamwambia Libère awashe. Sindano ikasimama imara.

"Kanyaga."

Libère akakanyaga. Sindano ikaanguka, injini ikakohoa. Wakazima, wakangoja dakika tano, wakawasha tena. Sindano ilikuwa imerudi mahali pake kana kwamba hakukutokea kitu. Walirudia mara tatu, na mara zote tatu ikawa hivyo hivyo.

"Kuna kitu mu tanki," Massoudi alisema taratibu. "Pampu ikivuta kidogo, hakiisumbui. Ikivuta sana, kinakuja kinaifunga mudomo. Ukizima, kinaachia."

Alianzia mdomo wa tanki. Ndani yake alikuta kile kilango kidogo kinachojifunga chenyewe kimevunjwa, kimebaki kinaning'inia. Hapo furaha yake ikamrudia.

"Ona! Mutu amevunja hapa na tournevis! Ni punda gani alifanya hii kazi?"

Akang'oa kiti cha nyuma, akafungua kifuniko, akaivuta pampu juu. Ilitoka imejifunga kitambaa kinachochuruzika petroli. Kijani. Pembeni kina maua ya manjano.

Massoudi akaujua ule mtandio. Aliikumbuka ile Ijumaa ya miezi miwili nyuma, gari lilipofika mara ya kwanza kutoka Dar es Salaam, tanki limekauka kabisa. Mafuta yaliletwa kwa kidumu kutoka ng'ambo, Kongo, na mafuta ya kidumu huwa na mchanga na maji, kwa hiyo hapa mjini kila mtu huyachuja kwa kitambaa. Asubuhi ile alikuwa amevuta kitambaa kwenye kamba nyumbani bila kukitazama. Kilango kilimzuia, akakivunja kwa bisibisi. Akafunga kitambaa kwenye chupa iliyokatwa iwe faneli, akamimina, adhana ikaadhiniwa, akachomoa chupa mbio mbio, kitambaa kikabaki mle ndani, akaenda kuswali. Kitambaa hakukitafuta tena.

"Ni nini hiyo?" Libère aliuliza.

Massoudi akaanza kukichambua kitambaa kutoka kwenye pampu.

"Ni ya Wajapani?"

Ingekuwa rahisi. Libère hakuujua mtandio ule. Kitambaa kingeingia mfukoni, gari lingekimbia, jina la Massoudi lingebaki liking'aa ofisini, na Houda angebaki mwizi. Massoudi aliufumba mkono, petroli ikamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Apana," alisema mwishowe. "Ni ya bibi yangu, Soumaya. Ni mi niliiacha mule. Na ile tournevis pia ni mi."

Libère alicheka hadi akakalia tairi. Alicheka vile ambavyo kufikia alasiri Buyenzi nzima ingejua, na ilijua. Gari lilipanda Kiriri kama limefukuzwa.

Massoudi aliufua mtandio mara tatu kwa sabuni, akampelekea mkewe. Soumaya akaukunjua, akaunusa, akamtazama.

"Baba Seifu. Miezi mbili umeniacha naita wifi yangu mwizi?"

"Sikujua."

"Uliuliza?"

Hakuwa ameuliza. Fundi aliyekuwa akimuuliza kila mteja nani kaligusa gari lake hakuwahi kuuliza nyumbani kwake nani kaigusa kamba. Soumaya akamrudishia mtandio mkononi.

"Nitaenda kumuomba musamaha, na ni haki yake. Lakini we ndiyo utatangulia."

Akatangulia. Houda alifungua mlango, akauona mtandio kwanza, kisha akamwona kaka yake.

"Nani alichukua?"

Jibu lake la miaka thelathini na moja lilimjia ulimini lenyewe. Alilimeza, na halikumezeka kirahisi.

"Ni mi, dada. Nilichujia mafuta."

Houda aliupokea, akaupeleka puani. Sabuni haikuwa imeitoa petroli. Machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta.

"Kaka," alisema, "mi nilisha kuanza kupekua mu kabati yangu usiku. Nilifikiri labda niliuchukua kweli."