Faili Lililokataliwa Korogwe

Nilimwahidi mama mmoja wa Mkata kwamba nisingerudi bila mchoro wa pampu. Yeye ndiye aliyesimamia mashine ya kusaga ya kikundi cha kina mama. Fundi alikuwa ameifungua pampu ya dizeli akashindwa kuirudisha, na wanawake wakawa wanapanda basi na mahindi yao hadi Segera. Kikundi kilikuwa kimekubaliana kwamba mchoro usipopatikana, mashine iuzwe kama chuma chakavu.

Mchoro ulikuwa kwenye tovuti ya watengenezaji. Nilikuwa nimetoka chuoni, nikiamini kuwa intaneti iliyokuja na soko huria ilikuwa mali ya Mkata pia.

Katika duka la intaneti la Korogwe, kompyuta zote zilipitia seva moja, yaani proksi, iliyotuombea kurasa kwa laini moja ya simu. Kurasa za watengenezaji zilifunguka. Kila nilipobofya mchoro, yalitokea maandishi ya Kiswahili: "Samahani, faili halipo."

Niliandika anwani upya, herufi kwa herufi. Nikahamia kompyuta nyingine. Halipo. Kisha nikaomba faili dogo kutoka ukurasa uleule, likaja. Hapo nikamwomba mwenye duka anioneshe kumbukumbu za seva. Watengenezaji walikuwa wamejibu kwamba faili lipo, na kutaja ukubwa wake. Proksi ndiyo iliyolikataa hapo Korogwe, kwa kuwa lilizidi ukubwa ulioruhusiwa.

"Mzee, kumbe lipo."

"Lipo, ila kubwa. Vijana walikuwa wanavuta miziki, laini inakwama."

"Mbona inaandika halipo?"

"Nimeandika mimi. Ulitaka nimwambie mteja 'nimekunyima'? Kwetu Handeni mgeni haambiwi hivyo. Anaambiwa chakula kimekwisha. Au huko chuoni adabu haifundishwi, msomi?"

Wateja wakacheka.

"Ningeirudisha hiyo 'halipo' Mkata," nikasema, "mashine ingeuzwa."

Akaigeukia seva, akaondoa kikomo cha ukubwa. Mchoro ulishuka taratibu huku wateja wenzangu wakinung'unika kwamba kurasa zao zimeganda. Akauchapa mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, akaunyoosha kwa kiganja kabla ya kunikabidhi.

Fundi aliirudisha pampu, na mashine ikasaga. Maandishi yale ya "halipo", nasikia, yalibaki dukani.

Nawe unayesimamia mashine iliyo kati ya mtu na anachokiomba, nakuomba: inapokataa, iandike kwamba imekataa.